Wali wa Mtu Mmoja: Vijana wa Makao ya Watoto Unguja na Maandalizi ya Kujitegemea

Kwa miaka mingi makao ya serikali ya kulelea watoto Unguja yalikuwa Forodhani, kwenye lile jumba ambalo barabara inapita chini yake, hatua chache kutoka Ngome Kongwe. Mtoto aliyelelewa pale akitoka mlangoni alikuwa akikutana na mji: wachoma mishikaki na wauza juisi ya muwa jioni, watalii, wavuvi, vijana wanaojitupa baharini; akikata vichochoro kadhaa yuko Darajani, penye soko na daladala. Baadaye makao yakahamishiwa Mazizini, nje kidogo ya mji, penye nafasi na utulivu ambao Mji Mkongwe hauna. Kwa malezi ya mtoto mdogo sina shaka kwamba hatua hiyo ni njema. Lakini kijana wa miaka 16 amebakisha miaka miwili tu kabla ya sheria kumhesabu mtu mzima, na mji aliokuwa akiupitia mwenzake wa Forodhani kila siku, yeye itabidi apelekwe.

Nani wa kumpeleka, na akafundishwe nini huko? Hilo ndilo swali la uchambuzi huu. Ninaliangalia kwa jicho la fani ambayo wengi wetu tunaijua hospitalini tu, kwa wagonjwa wa kiharusi na watoto wenye ulemavu: tiba kwa vitendo. Naamini fani hiyo ina jambo kubwa la kuwapa vijana hawa, na kwamba Unguja ina sehemu ya jambo hilo tayari katika mila na dini yake, ila haijawafikia wao.

Tuanze na sheria. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Sheria hiyo inatambua kafala, yaani kumchukua mtoto na kumlea bila kumbadilisha nasaba yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 20, nao unaitaja kafala kwa jina lake. Kwa hiyo njia za malezi nje ya wazazi waliomzaa mtoto zipo, na nyingi kati yake hazipiti ofisini. Watoto wengi wa Unguja waliofiwa au kuachwa wako kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mdogo, na hakuna faili lolote linalowahusu. Wanaofika kwenye makao ni wale ambao milango ya ukoo imeshindikana: waliookotwa wachanga, walionusuriwa na ukatili, ambao jamaa zao hawajulikani au hawawezi. Mbali na makao ya serikali, kuna kijiji cha watoto cha SOS kilichoko Mombasa, ile ya Unguja, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kinafuata mfumo alioanzisha Hermann Gmeiner mjini Imst, Austria, mwaka 1949: mama mmoja, nyumba moja, watoto wachache wanaokua kama ndugu, kisha nyumba za vijana wanapokaribia utu uzima.

Zanzibar ina watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, na vijana wanaotoka kwenye makao kila mwaka ni sehemu ndogo mno ya hao. Nalisema hili mapema kwa sababu tatizo linalohusu watu wachache ni rahisi kulisahau, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kulimaliza.

Tatizo lenyewe halitokani na ubaya wa walezi. Katika makao ya watoto, popote duniani, mambo huendeshwa kwa wingi. Chakula hupikwa kwenye sufuria kubwa na mpishi aliyeajiriwa. Umeme hulipwa na ofisi, dawa hutunzwa kabatini, nguo hununuliwa kwa mkupuo, ratiba ya kuamka na kulala imebandikwa ukutani. Mtoto anashiba, anasoma, anavaa, lakini haoni pesa ikigeuka mchele. Mtoto wa nyumba ya kawaida ya Jang'ombe au Kikwajuni anayaona hayo bila kufundishwa: anatumwa dukani na chenji ikapungua akagombwa, anamsikia mama yake akijadiliana na mwenye nyumba, anaona baba anavyopunguza matumizi mwisho wa mwezi. Hakai darasani kwa ajili ya hayo, lakini akifika miaka 18 ameyaona na kuyatenda mara elfu. Mwenzake wa makaoni huenda akawa na cheti kizuri zaidi cha skuli na hajapata kulipa hata bili moja.

Juu ya hilo kuna athari za yaliyomfikisha hapo. Utafiti wa Bucharest, Romania, ulioanza mwaka 2000 chini ya Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, uliwafuata watoto 136 waliokuwa wakiishi kwenye taasisi. Nusu yao walihamishiwa kwenye familia za malezi kwa kura. Walioingia kwenye familia, hasa mapema, waliendelea vizuri zaidi kiakili na katika kushikamana na walezi wao kuliko waliobaki. Taasisi za Romania za wakati ule zilikuwa na hali ngumu mno na si haki kuzilinganisha na makao ya Unguja. Lakini watafiti wengi wa malezi wanakubaliana kwamba mtoto aliyeonja hofu na kukosa mtu wa kudumu huathirika katika uwezo wa kupanga, kusubiri, kukumbuka hatua na kuzituliza hasira zake. Huo ndio uwezo ambao maisha ya chumba cha kupanga yanaudai kila siku.

Hapa ndipo tiba kwa vitendo inapoingia. Fani hii ilipata chama chake cha kwanza mwaka 1917 huko Clifton Springs, jimbo la New York, na mmoja wa waasisi wake, Eleanor Clarke Slagle, alijulikana kwa njia ya kuwafundisha wagonjwa wa akili mazoea ya kila siku: kuamka, kuoga, kula mezani, kufanya kazi, kupumzika, kulala. Wazo lake lilikuwa kwamba mtu hurudishiwa afya kwa kutenda, na kwamba siku yenye mpangilio ni dawa. Shirikisho la dunia la fani hii likaundwa mwaka 1952. Kwa Tanzania, KCMC ya Moshi ndiyo iliyozoeleka kuwaandaa wataalamu wake, na wengi wao wanafanya kazi hospitalini. Kijana wa makaoni si mgonjwa, na wala haifai kumfanya mgonjwa. Anachokihitaji kutoka kwenye fani hii ni ule utaratibu wake wa kuipasua kazi moja ya maisha hatua kwa hatua, kumtazama mtu akiifanya, kuona inapokwama, kisha kubadili kazi, mahali au njia mpaka aiweze.

Chukua wali wa nazi wa mtu mmoja. Kijana amepewa fedha asubuhi aende soko la Mwanakwerekwe, anunue, apike, ale, aoshe, na arudishe hesabu. Mtaalamu anakaa pembeni na daftari, hasaidii mpaka pawe na hatari. Tazama yanayotokea. Wa kwanza ananunua kilo mbili za mchele na nazi tatu, kwa sababu maisha yake yote ameona wali wa watu arubaini. Wa pili anakuna nazi, anachuja tui, anaosha mchele, kisha ndipo anakumbuka moto. Mkaa haujashika, tui limekaa juani. Wa tatu anatia tui zito mwanzoni badala ya tui jepesi, wali unashika chini nao juu mbichi. Wa nne anapika vizuri mpaka kwenye kupalia, lakini hathubutu kushika makaa, anasogea nyuma kila cheche inaporuka. Na wa tano anaweza yote, ila akiambiwa ale peke yake anakiacha chakula.

Vijana watano wamekosa wali mmoja, na kila mmoja ana sababu yake. Wa kwanza kasoro yake ni kipimo, na siku mbili za mazoezi zitamtosha. Wa pili hajui kupanga hatua. Huyo atasaidiwa kwa picha zilizobandikwa jikoni kwa mfuatano, moto kwanza, na zoezi lile lile litarudiwa kwa chai, kwa kufua, kwa kujiandaa kwenda kazini, kwa sababu kasoro yake haiko jikoni tu. Wa tatu anahitaji mtu wa kupika naye. Wa nne pengine aliungua au aliunguzwa, na hapo mtaalamu wa ushauri nasaha anahusika. Kwa sasa atapewa jiko la gesi, moto aufikie taratibu. Wa tano tatizo lake ni upweke, na hakuna somo la mapishi litakalolitibu. Semina ya siku moja ya stadi za maisha, yenye karatasi za ukutani na soda, ingewafundisha wote watano kitu kimoja na kuwapa cheti. Ndiyo maana nasisitiza fani hii: inajua kutofautisha.

Kuna chombo kimoja cha fani hii ninachokipenda kwa unyenyekevu wake. Wakanada walikitoa mwaka 1991, nacho humwomba mtu mwenyewe ataje shughuli za maisha yake zinazomsumbua, aseme kila moja ina umuhimu gani kwake kwa kipimo cha 1 hadi 10, kisha aipe alama namna anavyoiweza na anavyoridhika nayo. Baada ya miezi anaulizwa tena. Kwa kijana aliyezoea kuandikiwa ripoti na watu wazima tangu ana miaka mitatu, hii huenda ikawa mara ya kwanza kuulizwa yeye anataka kuweza nini. Amy Paul-Ward wa Florida International University, mjini Miami, aliyechapisha mwaka 2009 kuhusu vijana wanaotoka kwenye malezi mbadala, alilitazama jambo hili kama suala la haki: vijana wamenyimwa fursa za kutenda, kisha wanalaumiwa kwa kutoweza.

Jambo la pili ninalotaka kulitazama kwa karibu ni karatasi. Mzanzibari mkaazi anapofika miaka 18 anahitaji kitambulisho, na bila hicho milango mingi ya kazi, ya benki na ya huduma inakuwa mizito. Njia ya kukipata inapita kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa sheha wa shehia anayoishi. Kijana wa nyumba ya kawaida sheha anamjua baba yake, pengine alikuwepo kwenye akika yake. Kijana wa makaoni akihamia chumba cha uani huko Amani au Kwahani, sheha hamjui, jirani hamjui, na akiulizwa mtoto wa nani ananyamaza. Kazi ya maandalizi hapa si kumwandikia barua. Ni kwenda naye kwa sheha angali na miaka 17, asimame yeye mwenyewe, ajieleze, asikie maswali, arudi siku ya pili peke yake. Vivyo hivyo kwa Tukuza, umeme wa kulipia kabla: aununue kwa simu, aingize tarakimu kwenye mita kwa mkono wake, na siku moja uachwe umuishie usiku ili ajue uniti zake zinakwenda wapi. Kukosea angali na mtu nyuma yake ni sehemu ya mafunzo.

Kisiwa hiki si kigeni katika kazi hii. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya UMCA alipokea kutoka kwa Sultani Majid wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Kutoka kwa watoto hao na wengine waliofuata zikakua Kiungani kwa wavulana na Mbweni kwa wasichana. Shamba la Mbweni lilinunuliwa mwaka 1871, na Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, akaongoza skuli ya wasichana kwa robo karne. Walioonekana wepesi wa masomo waliandaliwa kuwa walimu. Wengine waliingizwa kwenye upande wa kazi za mikono, kupika, kufua na kushona. Walioolewa na kuoa walipata kibanda na sehemu ya shamba hapo hapo Mbweni. Miongoni mwa waliokulia mikononi mwa misheni hiyo ni Cecil Majaliwa, aliyetiwa daraja la upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kulifikia.

Nayaleta haya kwa sababu Mbweni na Mazizini ni jirani, na kwa sababu jaribio lile lina mafunzo mawili yanayovutana. Lililofaa: kazi ilikuwa ya kweli, makaazi yalikuwepo, na mtoto hakutupwa nje siku alipotimiza umri fulani. Lisilofaa: waliamuliwa. Nani awe mwalimu na nani awe mfuaji liliamuliwa na wengine, na wengi walibaki chini ya kivuli cha misheni maisha yao yote, wakitazamwa na mji kama watu wa kando. Mpango wowote wa leo unaompangia kijana wa makaoni ushonaji kwa sababu ndiyo mashine iliyopo, unarudia kosa la karne ya 19.

Mila nayo imeliona jambo hili zamani. Msichana wa Kiunguja alikuwa na somo wake, mwanamke asiye mama yake, anayemfundisha usafi wa mwili, mwenendo, mume, nyumba na namna ya kusema na wakubwa. Unyago ulifanya hayo kwa ngoma na vitendo; Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alijulikana duniani kwa taarab lakini wanawake wengi wa Unguja walimjua kwanza kwa kazi hiyo. Kwa wavulana kulikuwa na jando. Mambo yamebadilika na mengine yalihitaji kubadilika, ila kiini chake ni kizuri: mtu mzima mmoja anayejulikana, aliyekabidhiwa mtoto mmoja, anayefundisha kwa kutenda, na ambaye uhusiano wake haukatiki baada ya harusi. Msichana wa makaoni ana walezi wa zamu. Anayemjua vizuri akihamishwa kituo, imekwisha. Mpango ninaoutaka ungempa kila kijana somo wa aina hiyo tangu ana miaka 14, mwenye nyumba yake mtaani, wa kumpokea mwisho wa wiki.

Na dini imekwenda mbali zaidi. Surat An-Nisaa, aya ya 6, inawaagiza walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao busara ya kuendesha mambo ndipo wawakabidhi mali zao. Wanazuoni wakaijengea hukumu: baleghe peke yake haitoshi, lazima rushdi ionekane, na huonekana kwa kumjaribu katika mambo halisi kama kununua na kuuza. Mtu akiusoma utaratibu huo na kuuweka kando ya yale niliyoyaeleza ya soko la Mwanakwerekwe, atauona ukaribu wake. Kinachohesabiwa ni uwezo uliopimwa kwa vitendo, na mlezi ndiye mwenye wajibu wa kupima mapema, si siku ya makabidhiano. Sijui kwa nini tuchukue miaka 18 ya sheria kama ukomo wa wajibu wetu wakati tunayo hoja hii nyumbani.

Kwa familia za kafala mambo yana ugumu wake. Mtoto wa kafala harithi. Mlezi anayemtakia mema itabidi amuusie ndani ya theluthi, au ampe hiba angali hai. Wengi huahirisha, mauti hufika, na kijana wa miaka 19 anajikuta hana chake katika nyumba aliyoiita kwao. Halafu kuna suala la baleghe: mtoto aliyelelewa na watu wasio maharimu wake akikua, nafasi ndani ya nyumba hubadilika, na mvulana mara nyingi huhamia banda la uani au kwa wenziwe. Huhama kimya kimya, bila mpango, katika umri ule ule anaohitaji kushikwa. Walezi hawa wangefaidika na maafisa wa ustawi wa jamii wanaokaa nao mapema na kuyazungumza kwa uwazi, karatasi ziandikwe, chumba kitafutwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havitusaidii sana. Marekani ilipitisha sheria ya kuwasaidia vijana hawa mwaka 1999, ikaitwa kwa jina la seneta John Chafee, na mwaka 2008 ikaruhusu majimbo kuwalea mpaka miaka 21. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 2000, kila kijana akapewa mshauri wake na mpango wa maandishi, na mwaka 2014 ikampa haki ya kubaki kwa mlezi wake mpaka 21 wakikubaliana. Mark Courtney na wenzake waliwafuata vijana wa Illinois, Iowa na Wisconsin kutoka umri wa miaka 17 hadi 26. Illinois iliwaruhusu kubaki mpaka 21, na waliobaki walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuingia chuo. Muda wa ziada unasaidia, na tuuchukue. Lakini lengo la mipango mingi ya huko ni mtu anayeweza kuishi peke yake kwenye nyumba yake. Unguja hakuna anayeishi hivyo kwa kupenda. Hapa mtu anayejiweza ni yule anayejua kuchangia harusi, kukaa kwenye khitma, kucheza upatu na kutoa zamu yake bila kusukumwa, kupeleka sahani ya futari kwa jirani na kupokea yake.

Hapo ndipo upungufu wa kijana wa makaoni unapouma kweli. Mvulana anapata kazi, ana chumba, ana heshima zake, amempenda msichana wa Mpendae. Nani atampelekea posa? Wazee gani wataingia kwenye nyumba ya watu na kusema tumekuja kwa ajili ya kijana wetu? Msichana asiye na walii wa nasaba, kadhi ndiye anayemwozesha, na sheria ya dini imelipangia jambo hilo vizuri. Lakini siku ya ndoa si ya kadhi peke yake, kuna singo, kuna upande wa bibi harusi unaotakiwa kujaa. Msichana anayejua kwamba upande wake utakuwa mtupu huweza kuikimbilia ndoa yoyote inayokuja, kwa kuwa ukoo wa mume utakuwa wa kwanza kumwita wetu. Wanaowaandaa vijana kwa mapishi na bajeti na kuliacha hili hawajawaandaa kwa maisha ya hapa.

Kazi nitaipitia haraka, kwa sababu ndiyo sehemu iliyozungumzwa sana. Vituo vya mafunzo ya amali vipo, kama vile Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja. Vipo vyuo vya utalii, na hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zinaajiri. Kosa la kawaida ni kudhani ajira ni kujitegemea. Kijana anaweza kufanya kazi hotelini, akala na kulala kwenye nyumba za wafanyakazi, akawa ametoka makao mamoja na kuingia mengine. Msimu wa masika wageni wakipungua na yeye akasimamishwa, anarudi mjini hana chumba wala sufuria. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo angeuliza maswali ambayo mwalimu wa amali haulizi: anaamka vipi kwa zamu ya alfajiri, akifokewa na msimamizi mwili wake unafanya nini, mshahara wa kwanza unakaa mfukoni siku ngapi, msimu mbaya ameuwekea nini.

Usiku nao ungeingia kwenye hesabu. Aliyelala bwenini miaka 15, akisikia pumzi za wenzake, anapofunga mlango wa chumba chake cha kwanza hukutana na ukimya asioujua. Wapo wanaowasha redio mpaka asubuhi, wapo wanaojaza chumba marafiki, na baadhi ya marafiki hao huja na unga. Visiwa hivi vinaijua hatari ya dawa za kulevya vizuri, na soba hausi zetu zimejifunza kwa gharama kubwa umuhimu wa ratiba, majukumu ya zamu na mtu wa kumpigia simu usiku. Uzoefu huo ungeweza kutumika mapema, kabla ya kijana kuuhitaji kama mgonjwa.

Wataalamu wenyewe ni wachache nchini, na haitarajiwi kila makao yawe na wake. Lakini idadi ya vijana ni ndogo, na Unguja ni kisiwa kimoja ambacho unaweza kukivuka kwa daladala ndani ya nusu siku. Mtaalamu mmoja, akiwa chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, angeweza kuwapima vijana wote wa makaoni waliofika miaka 14, akawaandikia mpango, na akawafundisha maafisa ustawi, mama wa nyumba na wasomo namna ya kuusimamia. Chuo kikuu cha SUZA kinasomesha ustawi wa jamii. Wanafunzi wake wangepata hapo uwanja wa mazoezi. Makao yangehitaji chumba kimoja cha kufanyia majaribio: jiko dogo, mita yake ya Tukuza, mlango wenye ufunguo, ambamo vijana wawili wawili wanaishi miezi mitatu kwa fedha waliyopewa mkononi.

Na wizara ingehitaji kuanza na watu ambao hawajaulizwa vya kutosha, yaani waliokulia makaoni. Kenya, ambako serikali imetoa mkakati wa mageuzi ya malezi ya watoto wa 2022 hadi 2032, ina chama cha watu waliokulia makaoni, KESCA, ambacho wanachama wake wanasema wenyewe nini kiliwasaidia na nini kiliwaangusha. Unguja inao watu hao: waliolala Forodhani juu ya barabara ile, sasa wana watoto wao, wengine mafundi, wengine walimu, wengine walihangaika sana kabla ya kusimama. Wizara ingewatafuta, iwalipe nauli na muda wao, iwaulize mwezi wa kwanza nje ulikuwaje na ni kitu gani walikikosa. Miongoni mwao ndimo watapatikana wasomo wa hawa wanaotoka sasa, na wazee wa kubeba posa.